Flashi Takaba: Kuchagua Kofia, Kadi au Kitambaa cha Kulainisha Mwanga

Ukipiga picha za harusi, mahafali ya madrasa au mikutano ya kaunti hapa Takaba, picha hii unaijua: paji la uso linameta jasho, kivuli cheusi kimeganda ukutani nyuma ya sikio, na waliosimama safu ya pili wamemezwa na giza. Flashi imeelekezwa usoni moja kwa moja. Ukieleza shida yako katika maduka ya kamera Nairobi, utauziwa kofia ya plastiki ya kuvisha kichwa cha flashi. Kuna mahali kofia hiyo inasaidia, ila kwa sehemu nyingi tunazofanyia kazi Mandera Magharibi haisaidii kitu.

Mwongozo huu unapanga uchaguzi kwa utaratibu mwingine: mahali kwanza, kifaa baadaye, fedha mwisho.

KINACHOLAINISHA MWANGA NI UKUBWA

Kivuli kikali huletwa na chanzo kidogo cha mwanga. Kioo cha flashi ya kawaida kina upana wa sentimita saba hivi. Kwa mtu aliye mita tatu mbele yako, hiyo ni nukta tu. Umbali nao unahesabika: jua ni kubwa kupita dunia yetu, lakini liko mbali mno hata likaonekana duara dogo angani, ndiyo maana kivuli cha saa saba mchana hapa kwetu ni kikali vile. Swali ni moja: je, mwanga unaonekana mkubwa kiasi gani ukitazama kutoka pale anaposimama unayempiga picha?

Sasa ivishe flashi kofia ya plastiki. Upana umetoka sentimita saba ukafika nane au tisa. Kwa ukubwa, hakuna kilichobadilika. Kazi halisi ya kofia ni kutawanya mwanga pande zote ili ugonge kuta na dari, kisha umrudie mtu kutoka eneo pana. Kinacholainisha ni dari, si plastiki. Pasipo dari wala ukuta, mwanga uliotawanywa unapotelea gizani, na kofia inabaki kukumalizia betri bure.

TAZAMA JUU, KISHA TAZAMA PEMBENI

Kabla hujanunua chochote, jikumbushe ni wapi hasa unapopigia picha, kisha soma sehemu inayokuhusu.

Chumba chenye dari nyeupe. Hapa una bahati. Huhitaji kitu: inua kichwa cha flashi kielekee juu, au nyuma ya bega lako, ili mwanga udunde kwenye dari au kwenye ukuta ulio nyuma yako. Dari ikiwa mita tatu kutoka sakafuni, doa la mwanga linaloenea pale juu linaweza kupita upana wa mita moja, na hilo ndilo linalokuwa taa yako. Ukielekeza flashi juu wima, macho huingia kivuli. Kadi ndogo nyeupe iliyosimama nyuma ya kioo cha flashi hurudisha mwanga kidogo machoni. Flashi nyingi tayari zina kadi hiyo, imefichwa kichwani pamoja na kile kipande cha plastiki angavu cha kutanua mwanga. Ivute uitumie kabla ya kununua nyingine.

Ofisi na madarasa. Majengo mengi ya umma Kenya hupakwa rangi mbili: krimu au nyeupe juu, na rangi nzito ya mafuta chini ili uchafu usionekane. Dundisha mwanga kwenye sehemu ya juu. Ukigonga ile ya chini, nyuso zitapata kijani au buluu ambayo haitoki vizuri hata ukiirekebisha kwenye kompyuta.

Mabati bila dari. Hapa ndipo wengi hukwama. Bati jipya hurudisha mwanga kwa mistari mistari, likifuata mikunjo yake. Bati lenye kutu hulifanya pigo zima la mwanga kuwa la kahawia, na mbao za paa hulimeza. Liache paa, tafuta ukuta wa pembeni uliopakwa chokaa. Kama hakuna ukuta wa kufaa, mtafute mtu aliyevaa kanzu nyeupe, umsimamishe mita moja na nusu pembeni ya unayempiga picha, kisha uelekeze flashi kwenye kanzu. Mgongo wa kanzu nyeupe ni kiakisi kizuri kupita vingi vinavyouzwa.

Hema la sherehe. Turubai jeupe la hema hudundisha vizuri, ingawa sehemu ya mwanga hupenya ikaenda zake. Shida ni pale wapambaji wanapotandaza vitambaa vya rangi chini ya turubai. Kitambaa cha zambarau kitawapa wageni wote nyuso za zambarau. Tazama juu hema likiwa bado tupu, mchana, uamue. Ikiwa rangi ni nzito, usidundishe juu. Tumia kadi kubwa inayorusha mwanga mbele.

Herio. Ndani ya nyumba ya kuba ya wafugaji kuna mikeka, ngozi na maturubai, na vyote hunywa mwanga. Paa liko karibu mno na kichwa cha flashi, na rangi yake si ya kutegemea. Mara nyingi picha bora ni ya mwanga wa mlangoni, flashi ikiwa imezimwa. Ukilazimika kuiwasha, tundika kitambaa cheupe cha pamba upande mmoja uipige flashi hapo kwa nguvu ndogo.

Uwanjani usiku. Anga haina dari. Kofia na makuba ya silikoni hayana kazi hapa, hata yawe ya bei gani. Una njia mbili: kadi kubwa iliyofungwa kwenye flashi ukiwa umesogea karibu, au flashi iliyotolewa juu ya kamera ikawekwa ndani ya mwavuli au boksi la kitambaa.

Mchana juani. Flashi ya kujazia vivuli vya usoni chini ya kofia za kuvaa na mitandio inafaa sana, lakini iache wazi, bila kuivisha chochote. Sababu yake iko kwenye hesabu hapo chini.

VIFAA VYENYEWE

Kofia ya plastiki ngumu. Omni-Bounce ya Sto-Fen ndiyo iliyoijulisha dunia aina hii, na leo zipo nyingi zisizo na jina zinazouzwa kwa shilingi mia chache. Baadhi ya flashi, kama Nikon SB-700, huja nayo ndani ya boksi. Iinue nyuzi 45, usiielekeze usoni moja kwa moja. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo, na kwa mtu anayezunguka katika vyumba vidogo vyeupe inatosha.

Kuba la silikoni. Lightsphere ya Gary Fong na MagSphere ya MagMod ni za kundi hili. Zinatawanya vizuri kuliko kofia na zinakunjika mkobani. Ila zinafuata kanuni ileile: zinahitaji kuta. Bei yake ni ya maelfu, na mtu wa harusi za uwanjani ataijutia.

Kadi ya kudundisha. Hii ni karatasi nyeupe ya povu au plastiki iliyosimamishwa nyuma ya kichwa cha flashi, ikiwa na kimo cha sentimita 15 hadi 25. Mpiga picha wa Marekani Peter Gregg aliijulisha kwa wengi kwa jina la A Better Bounce Card. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi mbili: sehemu ya mwanga inaenda darini, nyingine inarushwa mbele kutoka eneo kubwa kuliko kioo cha flashi. Kwa hiyo dari ikikosekana, bado unapata kitu.

Kitambaa chenye waya. FlashBender ya Rogue ni kadi ya kitambaa yenye vijiti vinavyopinda ndani yake. Unaweza kuikunja ikawa kijiko, bomba au ukuta. Kwa anayehama kutoka ofisi kwenda hemani kwenda uwanjani siku hiyohiyo, hii ndiyo inayobadilika naye.

Bendera nyeusi. Neil van Niekerk, mpiga picha wa harusi aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Marekani, amefundisha wengi kufunga kipande cha povu jeusi upande mmoja wa flashi. Hakilainishi chochote. Kinazuia mwanga usimfikie mtu moja kwa moja, ili afikiwe tu na ule uliodunda ukutani. Kipande cha ukubwa wa kiganja na mpira wa kufungia pesa vinatosha, na katika chumba chenye kuta nyeupe picha yake huzishinda kofia zote.

Mwavuli na boksi la kitambaa. Hapa ndipo ukubwa wa kweli ulipo: boksi la sentimita 60 kwa 60, au mwavuli mweupe wa karibu mita moja. Flashi inatoka juu ya kamera na kuwashwa kwa redio. Godox TT600, ambayo wengi wanayo, ina kipokezi cha redio ndani yake, kwa hiyo unahitaji kirushi tu juu ya kamera. Kishikio cha Godox S2 hubana flashi na kubeba boksi. Kwa picha za maharusi na familia, hakuna kitakachokulipa kama hiki.

HESABU YA NGUVU

Kila kifaa cha kulainisha hutoza ushuru. Kofia au kuba linaweza kula stopu moja hadi mbili. Kudundisha kwenye dari hula mbili au zaidi. Stopu moja ni nusu ya mwanga, mbili ni robo tu iliyobaki. Ili kufidia stopu mbili, flashi hutoa nishati mara nne, betri inaisha mapema, na unangoja zaidi kati ya pigo na pigo.

Chukua mfano wa juani. Umeweka ISO 100, shata 1/200, na f/11. Flashi yenye namba ya mwongozo 44 itamfikia mtu aliye mita nne, maana 44 ukigawanya kwa 11 unapata 4. Ivishe kofia inayokula stopu mbili: namba inashuka hadi 22, na mwanga unafika mita mbili tu. Hapo familia ya watu kumi haienei kwenye fremu. Ndiyo sababu mchana kofia inavuliwa.

Usiku mambo hugeuka. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400 umerudishiwa stopu mbili bila kuongeza kazi ya flashi. ISO 1600 inakupa nne. Kamera za miaka ya karibuni zinavumilia hilo. Kwa hiyo ukidundisha mwanga, pandisha ISO kabla ya kuipeleka flashi kwenye nguvu kamili.

Tahadhari na namba zilizochapwa kwenye boksi. Namba 60 ya flashi nyingi hupimwa kichwa kikiwa kimekaza mwanga kwa lenzi ya milimita 200. Ukitanua kwa lenzi pana, namba hiyo hushuka sana.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya umeme. Takaba imekuwa ikipata umeme kutoka kituo chake yenyewe, nje ya gridi ya taifa, na wengine huchaji kwa sola. Aliye na betri nne za AA na chaja moja hawezi kuchagua kifaa sawa na aliye na flashi ya betri ya lithiamu na akiba mfukoni.

NGOZI, KANZU NA BUIBUI

Ngozi nyeusi hupendeza zaidi inapoakisi mwanga mpana: badala ya doa kali kwenye paji na pua, unapata mng'ao unaofuata umbo la uso. Mwanga kutoka ubavuni hufaa zaidi kuliko wa mbele, na pia hauakisiki kwenye miwani. Mpe unayempiga picha kitambaa afute jasho kwanza. Hakuna kifaa kinachoshinda leso.

Nguo huichanganya kamera. Ukitumia TTL, yaani kamera ikijipimia yenyewe nguvu ya flashi, hudhani kila kitu ni kijivu. Watu wamevaa kanzu nyeupe, itapunguza flashi na nyuso zitakuwa nyeusi mno. Ongeza stopu moja kwenye fidia ya flashi. Buibui jeusi likijaza fremu, itaongeza flashi na uso utaungua, punguza moja. Hii si kazi ya kofia, na kofia haitairekebisha.

Dada unayepiga picha upande wa wanawake, kumbuka dirac, gauni la sherehe la Kisomali. Kitambaa chake ni chepesi na kinameta. Flashi ya moja kwa moja hukipenya, ikaonyesha ambacho mwenyewe hakutaka kionekane. Dundisha mwanga, na utazame picha kwa kuikuza kabla hujamkabidhi mtu. Kwa mikono ya bi harusi yenye hina, leta mwanga kutoka ubavuni ili michoro isifutwe na mng'ao.

Picha za pasipoti zinahitaji mandhari meupe bila kivuli. Msimamishe mtu mita moja au zaidi mbele ya ukuta, kisha udundishe flashi kwenye dari au ukuta ulio nyuma yako. Kivuli kitapotea bila kununua lolote.

VUMBI, UPEPO NA JOTO

Velkro hujaa vumbi na nyuzi, ikaacha kushika. Isugue kwa mswaki mkavu kila baada ya kazi. Silikoni huvuta vumbi, lakini kitambaa chenye unyevu huiondoa. Huhitaji ndoo ya maji. Vifaa vya sumaku kama vya MagMod, au seti ya Godox AK-R1 ya vichwa vya duara, hufungika haraka, ila usivilaze mchangani: chembe za chuma zilizo kwenye mchanga hung'ang'ania sumaku na kukwaruza kichwa cha flashi.

Upepo ni adui wa mwavuli. Usiuache peke yake kwenye stendi. Jaza mchanga kwenye mfuko uuning'inize kwenye miguu yake, au mlipe kijana aushike. Kijana huyo atakufaa mara mbili, maana ataweza pia kusogea nao unaposogea. Boksi la kitambaa nalo hushika upepo, lakini halipinduki nje ndani.

Flashi yenyewe huchoka na joto. Ukipiga kwa nguvu kamili mfululizo, hujizima au huchelewesha mapigo ili isiungue. Mchana weka mkoba kivulini, si kwenye dashibodi ya gari. Na kifaa cha kujitengenezea kisigusane na kioo cha flashi, kwa maana pigo la nguvu kamili linaweza kuyeyusha plastiki.

Kwa kujitengenezea: manila nyeupe au povu la ufundi kutoka duka la vifaa vya shule hutosha kwa kadi. Mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia, ukioshwa na kukatwa, hutoa kofia. Wa njano uache uchotee maji. Utawafanya wageni wote waonekane wana homa ya manjano.

ADABU YA MWANGA

Ukiwa ndani ya kaunti ya mpakani, mmweko wa ghafla usiku unaweza kueleweka vibaya. Usiwashe flashi karibu na kambi ya polisi, ya jeshi au kizuizi cha barabarani. Usiipige machoni mwa ngamia wala punda aliyefungwa karibu na watu. Msikitini na kwenye nikaha, omba ruhusa kwanza; mwanga uliodundishwa husumbua kidogo kuliko ule wa usoni, lakini bado ni mwanga.

KABLA HUJALIPA

Mzigo wako huenda utapakiwa kwenye basi Eastleigh, na kurudisha kisichokufaa ni gharama nyingine ya parseli. Kwa hiyo jibu maswali haya kwanza.

Kichwa cha flashi yako ni cha mstatili au duara? Kama ni mstatili, pima upana na kimo kwa rula, umtumie muuzaji vipimo, usimtumie jina tu. Kofia ngumu hazinyumbuki. Kadi za kamba au mpira hukubali vichwa vingi.

Kichwa kinainuka na kuzunguka? Flashi ndogo iliyomo ndani ya kamera kwa kawaida haielekezeki juu, na kofia inayowekwa mbele yake haina maana. Fedha ya kofia iongezee kwenye flashi yenye kichwa kinachozunguka.

Kifaa ni cheupe kweli? Plastiki yenye umanjano au ubuluu itabadilisha kila picha. Omba picha ya kifaa kikiwa juu ya karatasi nyeupe.

Kina uzito gani? Kitu kizito huishusha shingo ya flashi taratibu, na baada ya muda haitashika nyuzi unazotaka.

Na picha za tangazo zilipigwa wapi? Nyingi hupigwa kwenye vyumba vyeupe, mahali ambapo hata flashi isiyo na kitu ingependeza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kisha fanya jaribio moja jioni. Mkalishe ndugu yako mita tatu mbele yako, piga flashi wazi usoni, kadi, kofia kama unayo, kisha ukuta wa pembeni. Rudia yote nje ya nyumba, penye giza. Tazama kivuli cha pua na ukingo wake. Utajua ni kipi cha kununua bila kumuuliza mtu.

HUKUMU

Ukiwa na fedha ndogo kabisa, tengeneza kadi nyeupe na bendera nyeusi, na ubebe mita mbili za kitambaa cheupe cha pamba. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja, nunua kadi ya kitambaa inayokunjika, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ofisini, hemani na uwanjani. Ukianza kulipwa kwa harusi, ruka kofia na makuba yote, uende moja kwa moja kwenye boksi la sentimita 60, kirushi cha redio na mtu wa kulishika. Kofia ya plastiki iwe ya mwisho kwenye orodha yako, na uinunue tu ikiwa kazi yako iko ndani ya vyumba vyenye dari nyeupe.